Mtoto akiuliza 'mbona', usimwambie 'nyamaza'

HEBU fikiria hali hii, mpenzi msomaji. Umetoka kazini ukiwa hoi. Umesimama foleni ya matatu kwa saa nzima, mvua imekunyeshea, na makanga ameshuka njiani na chenji yako. Unafungua mlango wa nyumba ukitarajia kikombe cha chai moto. Badala yake unapokewa na mtu mdogo wa futi tatu, ambaye hana habari hata kidogo na shida zako.

"Baba, mbona kuku hana meno?"

Kabla hujavua kiatu cha pili, la pili limetua: "Na mbona samaki hafungi macho akilala?" Ukijaribu kujibu hilo, la tatu lipo mlangoni.

Wazazi wengi hapo huwa na dawa moja tu: "Nyamaza!" Wengine husema, "Nenda ukamwulize mama yako," naye mama, akiwa jikoni na sufuria ya sukuma wiki, humrudisha kwa baba. Siku hizi kuna dawa nyingine iliyo tamu zaidi: mtoto hupewa simu, akatulia tuli kama maji ya mtungini. Nyumba ikawa kimya, mzazi akapumua.

Lakini je, umewahi kujiuliza kimya hicho kimenunuliwa kwa bei gani?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, wala hawakukosea. Afikapo umri wa kuanza shule ya msingi, ubongo wa mtoto huwa umekua hadi takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka hiyo michache ya kwanza ndiyo ya ujenzi, na maswali ndiyo mawe na saruji yake. Mtaalamu mmoja mashuhuri kutoka Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alipata mengi ya mafunzo yake kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe watatu wakicheza nyumbani. Alishikilia kwamba mtoto si chupa tupu ya kujazwa elimu. Yeye hujijengea maarifa kwa kugusa, kujaribu na kuuliza.

Kuhusu simu, mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba ikipungua ni heri zaidi. Basi simu si yaya, ndugu msomaji.

Mwezi unaotufuata

Nina binti wa miaka minne ambaye angelipwa shilingi kwa kila swali angekuwa amekwisha ninunulia ploti. Jioni moja tulikuwa kwenye matatu, tukitoka kumwona nyanya yake kule Thika. Nilikuwa nimempakata, naye pua ameibandika kwenye kioo cha dirisha. Ghafla akapaza sauti, "Baba, mbona mwezi unatufuata? Unataka kuja kwetu?"

Abiria walicheka. Mimi nikamwambia atazame vitu vya nje. Nguzo za stima zilizo kando ya barabara zinakimbia upesi kurudi nyuma. Nyumba zilizo mbali kidogo zinakwenda polepole. Vilima vya mbali zaidi ni kama havisongi. "Sasa mwezi uko mbali kuliko vyote," nikamwambia. "Hata tukienda mwendo huu wote, kwake ni kama hatujaondoka hapa. Ndiyo maana unauona pale pale."

Kwa hakika mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,000 kutoka duniani. Kutoka Thika hadi jijini ni safari ya nukta tu ukiilinganisha na hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma akatikisa kichwa na kusema, "Mimi nina wajukuu saba, na jambo hilo nimelijua leo."

Unaona basi? Swali la mtoto halimfundishi mtoto peke yake.

Matembezi yasiyotoboa mfuko

Wengi wetu hudhani kumtembeza mtoto ni lazima awe na chipsi mkononi na apande farasi wa kuzunguka. La hasha. Karibu na stesheni ya reli ya Nairobi kuna jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka wa 1971. Huko mtoto hutazama magari moshi makuukuu.

Jumamosi moja tulimpeleka binti yetu huko. Nilimweleza kwamba reli hiyo ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, ikafika hapa Nairobi mwaka wa 1899, na ziwani Kisumu mwaka wa 1901. Akasikiliza kwa adabu tu. Lakini tulipofika kwenye behewa moja la zamani, macho yalimtoka.

Mwaka wa 1900, afisa wa polisi wa reli aliyeitwa Charles Ryall alikaa ndani ya behewa hilo usiku katika stesheni ya Kima, Ukambani, akimvizia simba aliyekuwa akisumbua watu. Usingizi ukamzidi. Simba akaingia behewani, akamuua na kuondoka naye.

Binti yangu akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Simba alikuwa na tikiti?"

Mama yake alishindwa kujizuia kucheka. Lakini swali lililofuata halikuwa la mzaha: "Mbona yule mtu alilala, na yeye ni askari?" Tukaketi kwenye nyasi, tukazungumza kuhusu uchovu, na kuhusu watu wanaokesha ili wengine walale. Jioni hiyo tuliporudi mtaani, alimwendea soja wa langoni na kumwuliza, "Wewe hulali?" Naye akamjibu kwa upole, "Silali, mama. Lala wewe." Tangu siku hiyo hampiti bila kumwamkia.

Ikiwa huwezi kwenda mbali, tembea naye hadi kwenye mfereji wa maji. Mwulize maji hayo hutoka wapi. Akishasema "kwa mfereji," mwambie kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, yakipitia mabomba ya chini ya ardhi. Hapo utaona jinsi atakavyofunga mfereji vizuri akimaliza kunawa.

Mkono hufuata jicho

Lakini tusidanganyane. Udadisi una upande wake wa hatari. Mtoto haulizi kwa mdomo tu, huuliza pia kwa mikono na kwa ulimi. Katika ploti tunayoishi, mvulana wa miaka mitatu aliona chupa ya soda chini ya meza, akainua na kunywa. Ndani yake mlikuwa na mafuta taa. Mama yake alikimbia naye hadi barabarani bila viatu. Mungu si Athumani, alitibiwa akapona, lakini alikohoa kwa siku nyingi, na ploti nzima haikulala usiku ule.

Shika haya, ndugu mzazi. Mafuta taa, dawa ya mende na sabuni za maji zisiwekwe kamwe kwenye chupa za vinywaji. Mtoto hajui kusoma, yeye anajua chupa ya soda ina soda. Akinywa mafuta taa, usimnyweshe maziwa wala kitu kingine cha kumtapisha, kwani akitapika mafuta yaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini mara moja, na uichukue hiyo chupa ili daktari aione.

Na soketi je? Kumchapa mkono peke yake hakutoshi, maana ukitoka atajaribu tena apate kujua ulikuwa unaficha nini. Binti yangu aliwahi kuuliza mbona ndege hukaa kwenye waya wa stima wasife. Nilimwambia kwamba ndege hukanyaga waya mmoja tu na hajagusa ardhi, kwa hiyo stima haina njia ya kupitia mwilini mwake. "Lakini wewe umesimama chini. Ukiigusa, itapitia kwako kwenda ardhini." Akazitazama nyayo zake kwa muda mrefu. Hata hivyo, soketi zilizo chini tumezifunika. Maelezo hayachukui nafasi ya ulinzi.

Maswali ya haya

Kuna swali ambalo humfanya baba shupavu aanze kutafuta gazeti ajifiche nyuma yake: "Watoto hutoka wapi?" Sisi tuliambiwa tulinunuliwa hospitalini, na wengine wetu tukaanza kuuliza bei. Mtoto wa miaka minne hahitaji somo la bayolojia. Mwambie kwamba mtoto hukua ndani ya tumbo la mama yake hadi awe tayari kuzaliwa. Mara nyingi ataridhika, aende zake kucheza.

Usimdanganye, wala usimgombeze. Mtoto anayejua majina ya viungo vyake vyote vya mwili, na anayejua kwamba kwenu hakuna swali lenye kuchapiwa, ndiye atakayekuja kukuambia pindi mtu mzima atakapomgusa visivyo na kumwonya asiseme. Yule aliyezoea kuambiwa "nyamaza" atanyamaza hata siku hiyo. Hapo ndipo palipo uzito wa jambo hili. Tena ni vyema ujue kwamba nambari ya simu 116 ni ya kuwasaidia watoto hapa nchini, na hupigwa bila malipo.

Huenda ukasema, "Mimi sikusoma sana, nitajibu nini?" Jibu ni rahisi: sema hujui, kisha mtafute pamoja. Mwulize mwalimu, mwulize jirani aliye fundi, someni kitabu. Na ikiwa umechoka kweli kweli, mwambie akuwekee swali hilo hadi baada ya chakula. Lakini baada ya chakula, timiza ahadi. Mtoto hasahau deni.

Siku zitapita, atakuwa kijana wa sekondari, na utatamani akuambie yaliyo moyoni mwake. Atakuambia, iwapo alipokuwa na miaka minne ulimsikiliza alipokuuliza habari za kuku na meno.