Jina na Idadi: Kupata Fomula za Kampaundi za Ioni kwa Maelezo ya Kiswahili

Makala haya yanahusu jambo lionekanalo dogo katika kemia lakini lenye uzito katika lugha: namna ya kupata fomula ya kampaundi ya ioni kutokana na jina lake la Kiswahili. Nchini Kenya kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo mtu aweza kudai kwamba suala hili halituhusu. Hata hivyo, mwanafunzi aliyekwama humwuliza mwenzake kwa Kiswahili, na mwalimu naye mara nyingi huigeukia lugha hiyo aonapo darasa limenyamaza. Yafaa basi tujue ni wapi Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi huyo, na ni wapi kinamtatiza.

Tuanze na jina. Chumvi ya mezani huitwa kloridi ya sodiamu, na fomula yake ni NaCl. Kiswahili hutanguliza nomino kuu, kisha kikaleta kifafanuzi kwa njia ya -a unganishi. Kama tusemavyo nyumba ya mawe, ndivyo tusemavyo kloridi ya sodiamu. Fomula, kinyume chake, hutanguliza metali. Msomaji wa Kiswahili hana budi kulipindua jina ndipo aandike. Mwenzake wa Kiingereza hapati taabu hiyo, kwa kuwa mpangilio wa jina na wa fomula kwake ni mmoja. Hii si ila ya lugha yetu: Wafaransa nao hutaja kloridi kwanza, na hawakuzuiwa kuwa miongoni mwa waasisi wa majina ya kemia mwaka 1787.

Tatizo kubwa zaidi ni la idadi. Kloridi ya sodiamu na kloridi ya kalisiamu ni tungo za umbo moja, ilhali fomula ya kwanza ni NaCl na ya pili ni CaCl₂. Jina halisemi ni kloridi ngapi. Hata tukitaka kulitia neno hilo katika wingi, ngeli yake haibadili umbo. Idadi basi haitoki katika jina. Hutafutwa katika chaji za ioni.

Atomu ya sodiamu hutoa elektroni moja ikawa ioni Na⁺. Ya kalisiamu hutoa mbili, ya alumini tatu. Klorini hupokea moja, oksijeni hupokea mbili. Hapa wengi hushangaa kwamba aliyepoteza huitwa chanya na aliyepata huitwa hasi. Lawama ni ya historia: Benjamin Franklin aliyatumia majina hayo katika karne ya 18, na elektroni yenyewe haikugunduliwa hadi mwaka 1897. Katika kufundisha, mimi huona ni afadhali kusema kwanza juu ya anayetoa na anayepokea, kisha ndipo majina ya chanya na hasi yaletwe.

Kanuni yenyewe ni moja: jumla ya zilizotolewa lazima ilingane na jumla ya zilizopokewa. Tuchukue oksidi ya alumini. Kila alumini hutoa tatu, na kila oksijeni hupokea mbili. Idadi ndogo kabisa wanayoweza kukutana ni sita: alumini mbili hutoa sita, oksijeni tatu hupokea sita. Fomula ni Al₂O₃. Walimu wengi huifupisha njia hii kwa kuzibadilisha namba za chaji kimsalaba, tatu ya alumini ikawa chini ya oksijeni na mbili ya oksijeni chini ya alumini. Jibu hutoka sawa, lakini maana hupotea. Maana mwanafunzi yuyo huyo akipewa oksidi ya magnesiamu huandika Mg₂O₂ badala ya MgO. Hajui kwamba fomula ya namna hii hutaja uwiano tu. Tangu uchunguzi wa Bragg wa mwaka 1913 imejulikana kwamba katika chembe ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na kloridi sita, na kila kloridi na sodiamu sita. Hakuna jozi iliyojitenga, na kusema “molekuli ya chumvi” ni kupotosha.

Mabano nayo yanahitaji maelezo, na hapa Kiswahili kina msaada ambao sijauona ukitumiwa. Wakazi wa pwani huchoma matumbawe, ambayo ni kaboneti ya kalisiamu, CaCO₃; hubaki oksidi, CaO, nayo ikimwagiwa maji huwa hidroksidi, Ca(OH)₂. Hizo mbili za mwisho zote ni “chokaa” kwa fundi. Kwa nini mabano? Tukisema “wavulana na wasichana wawili”, haieleweki kama wawili ni wasichana peke yao. Tukisema “wavulana na wasichana wawili wawili”, shaka huondoka. CaOH₂ ingeongeza hidrojeni peke yake. Ca(OH)₂ ni oksijeni na hidrojeni mbili mbili. Uradidi wa namba hufanya kazi ya mabano.

Lakini pale ambapo metali moja ina chaji zaidi ya moja, sarufi yetu hugeuka mtego. Oksidi iliyomo katika kutu huandikwa oksidi ya chuma (III). Ikisomwa “oksidi ya chuma tatu”, masikio ya Mswahili, yaliyozoea namba kufuata nomino, husikia vyuma vitatu. Kumbe fomula ni Fe₂O₃, chuma ni mbili na tatu ni oksijeni! Ningependekeza isomwe “oksidi ya chuma chenye chaji tatu”, ijapokuwa ni ndefu.

Tumalizie na magadi. Alama Na hutokana na natrium, na neno hilo na natroni, jina la kale la aina ya magadi. Ioni ya kaboneti ina chaji hasi mbili, hivyo huhitaji sodiamu mbili: Na₂CO₃. Yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi, hata hivyo, si kaboneti tupu. Ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Fomula hii huwatisha wengi, lakini kila sehemu yake yasimama kwa hesabu yake: kaboneti imepata sodiamu mbili, haidrojenikaboneti yenye chaji moja imepata moja, na maji, yasiyo na chaji, hayadai chochote.