Mtego wa Atomi za Antimata

Je, kitu kinachotoweka mara kigusapo ukuta wa chombo kitahifadhiwa katika chombo gani? Swali hilo liliwakabili wanafizikia wa maabara ya CERN, karibu na Geneva, Uswisi.

Kila chembe ya mata inayo chembe mwenzi ya antimata, yenye tungamo ileile na chaji iliyo kinyume. Pozitroni, mwenzi wa elektroni, iligunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932. Antiprotoni iligunduliwa mwaka 1955. Chembe na mwenzi wake zikutanapo, huangamizana na kutoa nishati.

Pozitroni moja ikiizunguka antiprotoni moja, hupatikana atomi ya antihaidrojeni. Atomi 9 za kwanza ziliundwa CERN mwaka 1995, lakini zilikwenda kasi mno hata hazikuweza kuchunguzwa. Ikabidi antiprotoni zipunguzwe mwendo, zinaswe ndani ya ombwe kwa nyuga za umeme na sumaku, kisha zichanganywe na pozitroni zitokazo katika sodiamu nururifu.

Hapo huzuka tatizo la pili. Atomi iliyokamilika haina chaji, hivyo uga wa umeme hauwezi kuizuia. Hata hivyo, atomi hiyo ni sumaku ndogo. Kwa sababu hiyo huzungukwa na uga wa sumaku ulio dhaifu katikati na wenye nguvu pembeni, nayo hurudi katikati mithili ya gololi ndani ya bakuli. Sharti iwe baridi sana, chini ya nusu kelvini. La sivyo hutoroka. Kundi la ALPHA lilinasa atomi 38 mwaka 2010, na mwaka 2011 likazihifadhi atomi kwa sekunde 1,000.

Ndipo leza ikapata kazi. Mwaka 2016 atomi hizo zilimulikwa kwa mwanga wa nanomita 243, na kufikia mwaka 2018 ilithibitika kuwa zinaitikia mwanga kama haidrojeni, kwa usahihi wa sehemu 2 katika trilioni. Mwaka 2021 leza nyingine ilitumika kuzipoza zaidi. Mwaka 2023 zilipoachiliwa, zilianguka chini kama mata.

Nadharia yasema kuwa mata na antimata zilizaliwa kwa kiasi sawa. Mbona basi ulimwengu tuuonao umebaki wa mata? Vipimo hivi havijaonyesha tofauti yoyote kati ya haidrojeni na antihaidrojeni. Kwa hiyo jibu linaendelea kutafutwa, kwa vipimo vilivyo sahihi zaidi.