KIVULI CHA BIASHARA: JINSI YA KUCHAGUA TURUBAI

Mwaka huu ningependa kuzungumzia kitu ambacho sote hupita kando yake kila siku bila kukitupia jicho: turubai la kivuli. Huenda ukasema, "Ah, turubai nalo ni la kuandikiwa makala?" Ngoja kwanza. Wengi wetu karo yetu hutoka chini ya turubai. Likiraruka au lipeperuke na upepo, nyanya huiva kabla ya siku yake, mitumba hulowa, na muhula ujao mtu hurudishwa nyumbani kutafuta karo.

Kule Uingereza, watu wakienda likizoni huvuta nyumba ndogo nyuma ya gari, na ubavuni mwa nyumba hiyo hushikiza paa la kitambaa ili wapunge upepo. Hapa Eldoret paa kama hilo si la starehe. Pikapu huegeshwa kando ya barabara asubuhi na mapema. Turubai hufungwa kwenye keria upande mmoja na kwenye nguzo mbili upande wa pili, na duka likawa tayari: viazi, kabeji, machungwa, nguo. Hata jina "jua kali" tunalowaitia mafundi wetu lilitokana na kufanya kazi bila paa. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuwajengea vibanda, na mwaka wa 1992 ikatoa waraka maalum kuhusu biashara ndogo ndogo na jua kali. Lakini hata leo, baada ya mji wetu kupewa hadhi ya jiji mwaka wa 2024, wachuuzi wengi hujitafutia kivuli wenyewe. Basi wakichague vipi?

Kwanza, tulijue jua letu. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hewa ni baridi, mtu hudhani jua halimchomi. Kumbe anajidanganya! Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ile miale ya jua isiyoonekana, inayochoma ngozi na macho, huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hivyo, anga ikiwa sawa, miale hiyo ni mikali hapa kuliko Mombasa, ingawa Mombasa ndiko kwenye joto. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kivuli kizuri ni kinga ya maisha yao.

Pili, kivuli huhama. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, ambayo inakatiza barabara ya kwenda Nakuru. Katika miezi ya Machi na Septemba, jua huwa utosini saa saba kasoro, na kivuli hukaa sawasawa chini ya turubai. Lakini kufikia saa kumi kasoro robo hivi, jua limeinama nusu kuelekea magharibi. Hapo kivuli cha turubai lililo mita 2 juu ya ardhi kimesogea karibu mita 2 upande wa mashariki. Kama turubai lina upana wa mita 3, chini yake umebaki ukanda wa mita 1 tu wenye kivuli, na zile nyanya nyingine zote zinapikwa! Usiniamini bure, simika kijiti uwanjani mwa shule ujionee mwenyewe.

Dawa yake ni nini? Mwenye pikapu, ikiwezekana, aegeshe gari ili liwe upande wa magharibi na bidhaa upande wa mashariki, ndipo gari lenyewe lizuie jua la alasiri. Ikishindikana, anunue turubai lenye pazia la kuteremshwa ubavuni. Turubai pana lisilo na pazia linaweza kushindwa na dogo lenye pazia.

Tatu, tutazame kitambaa. Madukani kuna aina nne hivi. Kuna turubai la pamba, ambalo ni zito na halileti joto sana chini yake, lakini likikunjwa likiwa na maji huota ukungu na kuoza. Kuna lile jepesi la plastiki iliyofumwa, ambalo ni rahisi kununua na kubeba, ila jua hulikausha likaanza kupasuka na kumeguka. Kuna turubai zito la plastiki yenye uzi ndani, kama lile la kufunikia malori. Hili halipitishi maji na hudumu sana, lakini ni ghali na uzito wake sio mchezo. Mwisho kuna wavu wa kivuli. Wavu hupitisha upepo vizuri, lakini mvua nayo hupita. Kwa mji wetu, ambapo mvua ya alasiri huweza kukunyeshea bila hodi kuanzia Aprili hadi Septemba, wavu peke yake hautoshi.

Rangi pia ina maneno yake. Turubai jekundu hufanya nyanya mbichi ionekane imeiva, na la buluu hubadilisha rangi ya nguo. Mteja akifika nyumbani akagundua, harudi tena. Rangi nyeupe nzito au kijivu ni salama zaidi kwa mwenye kuuza vitu vinavyochaguliwa kwa macho.

Nne, na hapa ndipo wengi huumia, tupige hesabu ya mvua na upepo. Turubai la mita 3 kwa 3 lina eneo la mita 9 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 10 na maji yote yatuame juu yake, hizo ni lita 90, yaani kilo 90. Ni kama mtu mzima mnene amelala katikati ya turubai! Nguzo gani itastahimili? Kwa hivyo, paa lisiwe tambarare. Upande mmoja uwe chini kuliko mwingine, na maji yaelekezwe mbali na bidhaa zako na za jirani pia. Ugomvi mwingi sokoni huanzia kwenye maji ya turubai.

Upepo nao, kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Juu ya lami huwezi kupigilia vigingi, kwa hivyo fungia kila nguzo kitu kizito. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na ya mchanga ni zaidi. Dhoruba ikija, shusha turubai mapema, usingoje kuling'ang'ania. Usilifunge kwenye mlingoti wa stima, na usiwashe jiko la makaa chini yake. Plastiki hushika moto upesi, na moshi ukifungiwa na mapazia huua.

Siku ya kununua, usikubali kulionyeshwa likiwa limekunjwa. Lifungue, liinue juani uangalie kama kuna vitundu vya mwanga. Vuta mishono kwa mikono miwili. Tazama pete za chuma za kupitishia kamba, hasa pembeni, kwani huko ndiko turubai huanza kuraruka. Muombe muuzaji maji kidogo uyamwage juu ya mshono. Akikataa, nawe una jibu lako.

Na bei je? Usiulize tu, "Ni pesa ngapi?" Uliza pia, "Litadumu miezi mingapi?" Tuseme moja ni shilingi 1,500 na hudumu miezi 6, hiyo ni shilingi 250 kwa mwezi. Jingine ni shilingi 6,000 na hudumu miaka 4. Hiyo ni shilingi 125 kwa mwezi. Wahenga walisema rahisi ghali. Tatizo ni kwamba mchuuzi mara nyingi hana hizo 6,000 kwa mkupuo. Hapo ndipo chama cha kuchangiana husaidia: wanachama kumi wakichanga kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupata turubai la kudumu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, wazazi wako wakitaka kununua turubai, usiwaachie kazi hiyo peke yao. Nenda nao ukiwa na futi ya kupimia, kalamu na karatasi. Hesabu unazofundishwa darasani zina kazi huko sokoni, tena kazi ya kulinda karo yako. Ni hayo tu kwa mwaka huu.