Panzi, Nzige na Senene: Uainishaji Wao na Makao Yao

Kila mwanafunzi aliyepita katika majani ya uwanja wa shule amewahi kumwona panzi akiruka mbele ya miguu yake. Hata hivyo, ni wachache wawezao kueleza panzi huyo ni wa aina gani, anakula nini, na kwa nini anaishi mahali pale na si pengine. Kwa kawaida mdudu mmoja arukaye huitwa panzi, na wakionekana wengi kwa pamoja huitwa nzige. Mazoea haya yana hasara. Mkulima anayewadhania panzi wa kawaida kuwa nzige huweza kumwaga sumu shambani pasipo sababu. Na yule anayewapuuza watoto wa nzige kwa kuwaona ni panzi tu huweza kupoteza mavuno yake yote. Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyowagawa wadudu hawa, na mahali ambapo kila kundi hupatikana.

Mahali pa panzi katika uainishaji

Panzi yumo katika faila ya Arthropoda, yaani wanyama wenye miguu yenye viungo na gamba gumu nje ya mwili, na katika ngeli ya wadudu. Oda yake huitwa Orthoptera, jina litokanalo na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mabawa yaliyonyooka. Spishi zaidi ya 25,000 za oda hii zimekwisha kuelezwa duniani. Wote hukua kwa metamofosisi isiyo kamili: yai huangua tunutu, ambaye hufanana na mzazi wake ila hana mabawa kamili. Tunutu hujivua gamba mara kadhaa, mara tano au sita kwa spishi nyingi, ndipo awe mdudu mzima.

Oda hii imegawanyika katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni Caelifera, ambao ndio panzi halisi. Vipapasio vyao ni vifupi kuliko mwili, masikio yao yako ubavuni, katika pingili ya kwanza ya tumbo, na wengi wao hutoa sauti kwa kusugua paja la mguu wa nyuma juu ya bawa. La pili ni Ensifera, ambamo wamo senene na nyenje. Hawa wana vipapasio vyembamba kama uzi, mara nyingi virefu kuliko mwili wenyewe. Masikio yao yako katika miundi ya miguu ya mbele. Nao hulia kwa kusuguanisha mabawa. Jike wa senene ana kiungo cha kutagia kilichochomoza nyuma kama upanga, hali jike wa panzi halisi ana ncha fupi za kuchimbia udongo, ambamo hutaga mayai yaliyofunikwa na povu ligandalo.

Hivyo senene wa Kagera na Uganda, ambao huvunwa kwa taa usiku, hasa katika miezi ya Novemba na Desemba, si panzi halisi wala si nzige. Jina lake la kisayansi ni Ruspolia differens, na familia yake ni Tettigoniidae. Mwalimu akikuta katika vitabu vya zamani jina la Homorocoryphus, afahamu kuwa ni mdudu huyu huyu. Jina limebadilika kwa sababu uainishaji husahihishwa kadiri ujuzi unavyoongezeka.

Makao ya panzi halisi

Familia kubwa kuliko zote za panzi halisi ni Acrididae, yenye spishi zaidi ya 6,000. Wengi wao hula nyasi, na umbo la kila mmoja hulingana na makao yake. Katika nyasi ndefu huishi panzi wa jenasi ya Acrida, wenye kichwa kilichochongoka na mwili mwembamba kama jani la nyasi, wa kijani au wa kahawia. Katika mashamba ya mpunga na penye majimaji hupatikana Oxya. Juu ya ardhi tupu na njia za vumbi hukaa panzi wenye rangi ya udongo, ambao mtu hawaoni mpaka waruke.

Familia ya Pyrgomorphidae ina desturi nyingine kabisa. Mfano wake ni Zonocerus elegans, panzi mzito mwenye rangi kali za njano, nyeusi na nyekundu, apatikanaye kandokando ya mashamba na vichakani. Hajifichi, wala hakimbii sana, na wengi wa spishi hii wana mabawa mafupi yasiyowawezesha kuruka angani. Rangi zake ni onyo kwa ndege kwamba mwili wake una sumu na harufu mbaya. Panzi huyu na jamaa yake wa Afrika ya Magharibi, Zonocerus variegatus, hula majani ya mihogo. Kwa kuwa majike wa spishi hiyo ya magharibi hukusanyika kutaga mahali pamoja chini ya kivuli, wakulima wanaweza kuyafukua mayai yakaangamizwa na jua, bila kutumia dawa.

Wako pia panzi wasiohama kabisa. Katika misitu ya pwani na ya milima kama Usambara na Uluguru huishi panzi wadogo wa jenasi ya Parepistaurus, wasio na uwezo wa kuruka kwa mabawa. Kwa kuwa hawawezi kuvuka nyanda kavu zilizo kati ya mlima na mlima, makundi yao yametengana kwa muda mrefu na kuwa spishi mbalimbali. Msitu wa spishi ya namna hiyo ukifyekwa, panzi wake hana pa kukimbilia.

Nzige ni nani?

Nzige ni panzi wa familia ya Acrididae wenye uwezo wa kubadili tabia na umbo. Wakiwa wachache, kila mmoja huishi peke yake kama panzi mwingine yeyote. Mvua ikileta majani mengi huzaliana, na wanaposongamana hubadilika rangi, huanza kufuatana, na mwishowe huhama kwa makundi. Jambo hili lilielezwa na Boris Uvarov mwaka 1921, alipoonyesha kuwa wadudu waliodhaniwa kuwa spishi mbili walikuwa ni spishi moja yenye hali mbili. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba msongamano huongeza kemikali iitwayo serotonini katika neva za nzige wa jangwani, na kwamba tabia ya kukusanyika huweza kuanza baada ya saa mbili tu.

Nzige wa jangwani, Schistocerca gregaria, ndio walioingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019. Kundi lienealo kilomita moja ya mraba huweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na kila mmoja hula chakula cha uzito wake, karibu gramu mbili, kwa siku.

Nzige wekundu, Nomadacris septemfasciata, makao yao yako karibu zaidi nasi: ni mbuga za nyasi zifurikazo maji wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, kama bonde la Ziwa Rukwa, Wembere na bonde la Malagarasi nchini Tanzania. Baa lao lililoanza mwaka 1930 lilidumu hadi mwaka 1944 na kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika ya kusini na mashariki. Tangu hapo ilieleweka kwamba njia ya kuwazuia ni kuzichunguza mbuga hizo kila mwaka. Mwaka 2009 makundi yaliyojitokeza Tanzania yalidhibitiwa kwa kunyunyiza mbegu za kuvu, Metarhizium acridum, ambao huwashambulia panzi na nzige lakini hauwadhuru ndege wala nyuki.

Kazi kwa wanafunzi

Methali husema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, nayo yatukumbusha kuwa panzi ni chakula cha ndege, mijusi na wanyama wengi. Kuwaua wote si faida. Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi katika majani ya shule, nao wajibu maswali matatu kwa kila mdudu: Je, vipapasio vyake ni virefu au vifupi? Sikio lake liko mguuni au ubavuni? Amepatikana kwenye nyasi, kichaka, ardhi tupu au majimaji? Majibu yakiandikwa pamoja na tarehe kwa mwaka mzima, shule itakuwa na kumbukumbu ya panzi wake yenyewe, na wanafunzi wataweza kumwambia mkulima jirani ni mdudu gani aliye shambani mwake kabla hajanunua dawa.