Kilo za Udongo Zinazosafiri Ndani ya Bodi

Kelele huanza ghafla, mara nyingi gari likishapita Bogoro na kuanza kuteremka kuelekea Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Ni mlio wa chuma kinachosaga chuma, unatoka gurudumu moja la mbele, na abiria walionyamaza tangu Bunia wanaanza kutazamana. Mgeni hudhani breki zimekwisha. Dereva mzoefu hafungui hata boneti. Anasimama penye tambarare, anaweka gia ya nyuma, anarudi mita mbili tatu, anakanyaga breki, anasikiliza. Kitu kidogo kinadondoka: kijiwe kisichozidi punje ya haragwe.

Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kukinga maji na tope. Nafasi kati ya bati hilo na diski ni finyu, na kijiwe kikishanaswa humo hubanwa zaidi kila gurudumu linapozunguka upande uleule. Likizungushwa kinyume, mara nyingi kinaachia. Kikigoma, gurudumu linavuliwa na bati linasukumwa kidogo kwa bisibisi, basi.

Kijiwe hicho angalau kinapiga kelele. Kinacholigharimu gari la Ituri, mkoa huu wa Kongo, ni kile kilichonyamaza.

Bunia iko kwenye mwinuko wa mita 1,275 hivi, na ziwa liko zaidi ya mita 600 chini yake. Upande mwingine, Barabara ya Taifa namba 27 inatoka Komanda, inapita mjini, inakwenda Mahagi hadi mpaka wa Uganda. Kwa sehemu kubwa njia hizi ni udongo mwekundu wenye changarawe, ule ambao Waganda na Wakenya huuita moramu. Kiangazi, hasa kati ya Desemba na Februari, udongo huo unakuwa vumbi laini kama unga wa muhogo. Pale magari mazito yanapopita sana, uso wa barabara hujikunja. Madereva wa Kongo huita hali hiyo, kwa Kifaransa, bati la mawimbi. Mtikisiko wake ni chekecheo kamili: changarawe inabaki juu, vumbi linashuka mpaka kwenye mikunjo ya bodi ambayo hata mkono wa mtoto haufiki.

Ukitaka kujua vijiwe vinakwenda wapi, litazame tairi. Linaokota kijiwe, linakizungusha, linakirusha ndani ya madigadi. Vingi vinagonga na kuanguka. Vichache vinatua: nyuma ya taa za mbele, juu ya tangi la mafuta, kwenye maungio ya bati karibu na bawaba za mlango, na katika nafasi iliyo kati ya bodi na chasisi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza 1984 na ambayo hadi leo hubeba wagonjwa na wafanyakazi wa mashirika katika njia hizi, imejengwa kwa mtindo huo wa bodi iliyokaa juu ya chasisi. Ni mtindo imara, lakini una vijirafu vingi. Pikapu ina mwanya mmoja zaidi, ule wa kati ya kabini na karai la mizigo, na huo humeza kila kinachodondoka kutoka kwenye shehena.

Fundi anayepokea gari lililotoka mji wa Mongbwalu haanzi na tochi. Anagonga. Kwa mpini wa bisibisi anagonga lile boksi la bati lililo chini ya milango. Likiitika kama debe tupu, vyema. Likiitika kwa sauti nzito, kama kiroba cha mchanga, anajua kazi ipo. Akifungua plastiki ya ndani ya madigadi, unamwagika udongo uliojipanga matabaka: vumbi, kokoto, mbegu za nyasi, vumbi tena. Lita 10 tu za udongo uliolowa zina uzito wa kilo 18 hivi, na gari linazichukua kila siku bila mwenyewe kujua.

Uzito, hata hivyo, si hasara kubwa. Udongo uliojibana hunyonya maji na kuyashikilia siku nyingi baada ya mvua kukatika, na bati lililoguswa na unyevu wakati wote linaliwa na kutu kuanzia ndani. Rangi ya nje inabaki inang'aa. Siku inapovimba kama jipu chini ya mlango, bati la ndani limekwisha zamani. Kwa Land Rover za zamani, zenye bodi ya alumini juu ya fremu ya chuma, tope bichi lina ubaya wa ziada: penye kukutana metali hizo mbili, maji yenye chumvichumvi za udongo huamsha umeme mdogo unaoila alumini.

Majani nayo hujaa katika mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale zinapolala waipa. Njia za maji zikiziba, maji hupanda hadi kwenye tundu la feni na kuingia kabini. Mwenye gari atalalamikia raba za milango mwaka mzima, kumbe tatizo ni konzi moja ya majani. Kiangazi nyasi ndefu za katikati ya njia hukatika na kujisokota juu ya bomba la moshi. Hizo zinaweza kuwaka, na ni za kutolewa jioni ileile.

Kinga ya kwanza ni rahisi, nayo ni baveti, ule mpira unaoning'inia nyuma ya tairi. Mpira mnene uliokatwa kutoka tairi kuukuu la lori unafanya kazi nzuri kuliko plastiki nyembamba ya dukani. Uwe mpana kuliko tairi, na usiguse chini: gari likirudi nyuma kwenye jiwe, tairi litaukanyaga na kuung'oa pamoja na bati lililoushika. Kwa pikapu, ukanda wa mpira uliofungwa upande mmoja tu unafunika mwanya wa nyuma ya kabini, huku kabini na karai vikibaki huru kucheza.

Halafu kuna tamaa ya kuziba kila kitu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Magari ya mbio za changarawe, kama za Safari Rally ya Kenya, iliyoanza 1953 na kurudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, huweza kujazwa sponji ngumu katika mapengo ya bodi ili mawe yasipate pa kukaa. Sponji hiyo hainywi maji. Ya godoro inakunywa. Anayeshindilia kipande cha godoro ndani ya madigadi amelifunga gari lake kitambaa kibichi. Mastiki nayo iwekwe kwenye maungio, kamwe isiguse matundu madogo ya chini ya milango; hayo yametobolewa kiwandani ili maji yatoke.

Dawa nyingine inayopendwa ni kupaka chini ya gari mafuta machafu ya vidanje, yale yaliyomwagwa kutoka kwenye injini. Yanazuia kutu kwa muda, ni kweli. Lakini yanalainisha na kuharibu raba za springi na za bodi, yanakamata vumbi likawa ganda, na mvua inayapeleka mtoni wanakochota watu. Haifai.

Kinachobaki ni kuosha. Gari likitoka safari lioshwe chini kabla ya juu, tope likiwa bado bichi, maji yakisukumwa kutoka ndani ya madigadi kuja nje. Mdomo wa pampu usielekezwe kwenye alteneta wala sili za magurudumu. Na kabla mvua za Machi hazijaanza, mwenye gari achuchumae kando ya kila mlango na kipande cha waya mkononi, ayazibue matundu ya chini moja baada ya jingine, mpaka aone maji yanatiririka.