Bakteria Hupajuaje Katikati Yake?

Mwaka 1967, katika maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, Howard Adler na wenzake walieleza habari za bakteria wasio wa kawaida. Walikuwa Escherichia coli, jamaa wa wale wanaoishi kwenye utumbo wa binadamu, lakini badiliko la kijeni lilikuwa limewapotezea mahali pa kugawanyikia. Mara nyingi walikatika karibu na ncha, si katikati. Kila mkato wa namna hiyo ulitoa kiseli kidogo cha duara chenye ukuta, utando na protini, ila hakina DNA. Kiseli hicho hakikuweza kukua wala kuzaa.

Hasara hiyo inaonyesha uzito wa kazi yenyewe. E. coli mmoja ana urefu wa mikromita 2 hivi. Wangepangwa 500 kwa mstari, wangetimiza milimita moja. Akipata chakula tele na joto la nyuzi 37, hugawanyika kila dakika 20 hivi. Kabla ya kukatika hana budi kurefuka, kuwa na nakala mbili za DNA na kuzitenganisha. Kisha akatike pale pale katikati, ingawa hana jicho wala chombo cha kupimia.

Mlango wa kulielewa jambo hili ulifunguliwa na bakteria walioshindwa kugawanyika. Miaka ya 1960, Yukinori Hirota na wenzake walikusanya aina za E. coli zilizogawanyika vizuri kwenye nyuzi 30, lakini zikipelekwa nyuzi 42 zinarefuka tu kama uzi bila kukatika. Baadhi ya jeni zilizoharibika ndani yao zilipewa majina yanayoanza na fts. Iliyokuja kuvuma kuliko zote ni ftsZ. Mwaka 1991, Erfei Bi na Joe Lutkenhaus walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba protini ya jeni hiyo, FtsZ, hujipanga kuwa pete chini ya utando, katikati kabisa ya seli, mahali mkato utakapopita.

Ugunduzi huo ulitikisa dhana ya muda mrefu kwamba bakteria ni kifuko kisicho na mpangilio wa ndani. Miaka saba baadaye, Jan Löwe na Linda Amos wa Cambridge walichora umbo la FtsZ na kukuta linashabihiana sana na tubulini, protini inayojenga nyuzi zinazovuta kromosomu wakati seli zetu wenyewe zinapogawanyika.

Lakini ni nani anayeiambia pete ikae wapi? Jibu ni protini tatu: MinC, MinD na MinE. MinD ikibeba ATP, molekuli ya nishati, hujishika kwenye utando na kumkaribisha MinC, ambaye kazi yake ni kuzuia FtsZ isijipange. Ndipo MinE anapofika. Huichochea MinD iivunje ATP yake, nayo huachia utando, huelea, hupata ATP nyingine na kujishika upande wa pili ambako MinE bado ni haba. MinE hufuata huko, na mchezo huanza upya. Mwaka 1999, David Raskin na Piet de Boer waliiunganisha MinD na protini inayong'aa kijani, wakaiona ikienda na kurudi kutoka ncha moja hadi nyingine, kila mzunguko ukichukua dakika moja au pungufu. Kwa kuwa kizuizi hukawia kwenye ncha na kupita haraka katikati, wastani wake ni mdogo zaidi hapo katikati. Hapo ndipo pete hupata nafasi.

Huu ni miongoni mwa taratibu nzuri kuliko zote zilizowahi kuonekana katika biolojia. Mwaka 2008 ulithibitishwa nje ya seli kabisa: Martin Loose, Petra Schwille na wenzao nchini Ujerumani walitandaza utando bapa, wakaweka MinD, MinE na ATP, na mawimbi ya protini yakaanza kusafiri juu yake bila seli yoyote kuyaongoza.

Kuna mlinzi mwingine pia. SlmA, iliyoelezwa mwaka 2005, hukaa juu ya DNA na kuivunja pete inayothubutu kujengwa juu ya kromosomu.

Pete yenyewe haitulii. Mwaka 2017, makundi mawili ya watafiti yaliripoti kwamba vipande vya FtsZ husogea kuizunguka seli kwa mwendo wa nanomita 30 hivi kwa sekunde. Molekuli moja moja hazitembei. Zinaongezwa mbele na kubanduka nyuma, kama mtu anayevuka tope kwa mbao chache, akiing'oa ya nyuma na kuitandika mbele. Katika mzunguko huo FtsZ husambaza vimeng'enya vya kujenga ukuta mpya, vikiwemo FtsW na FtsI, mpaka ukuta unaingia ndani na kufunga.

Hapo ndipo maabara inapokutana na duka la dawa. FtsI ni mojawapo ya protini zinazonaswa na dawa za jamii ya penisilini. Kiasi kidogo cha sefaleksini, mojawapo ya dawa hizo, huigusa hasa hiyo, na E. coli hugeuka nyuzi ndefu. Tangu mwaka 1940, A. D. Gardner wa Oxford alikwisha kuripoti bakteria waliorefuka chini ya penisilini, wakati FtsI haijajulikana bado.

Hata hivyo si bakteria wote hufuata njia moja. Yule wa kifua kikuu, ugonjwa unaoendelea kuua Afrika Mashariki, hana mfumo wa Min. Hukua kwa ncha zake, huchukua karibu siku nzima kugawanyika, na watoto wake hutoka na ukubwa tofauti. Utafiti wa mwaka 2012 juu ya bakteria wa jamii yake ulionyesha kwamba watoto wa namna hiyo hutofautiana pia katika uwezo wa kustahimili dawa.

Shabaha inayotamaniwa zaidi ni FtsZ, kwa sababu binadamu hana. Mwaka 2008 kiambato kiitwacho PC190723 kiliikwamisha na kuwaokoa panya walioambukizwa Staphylococcus aureus kwa kiwango cha kuua, bila kuigusa tubulini. Lakini bakteria waliobadilika jeni ya ftsZ walikishinda, na watafiti wanaendelea kutafuta kingine kitakachoishika FtsZ mahali ambapo badiliko moja dogo halitaiokoa.