Alama ya ubora kwenye saruji haithibitishi ukuta Turkana

MFUKO wa saruji unaofika Lodwar hubeba maandishi ambayo wanunuzi wengi huyapita bila kuyasoma: alama ya ubora na nambari 32.5 au 42.5.

Nambari hiyo haihusiani na uzito wala bei. Hueleza nguvu ambayo saruji inapaswa kufikia baada ya siku 28, kwa kipimo cha nyutoni kwa kila milimita mraba. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia kiwango kimoja, EAS 18-1, kilichotokana na kile cha Ulaya, EN 197-1.

Aidha, sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 inazitaka nchi wanachama kutambua alama za ubora za wenzao. Kwa kaunti inayopakana na Uganda, hilo si jambo dogo.

Mnunuzi mwenye shaka anaweza kutuma SM# na nambari ya kibali kwa 20023, huduma ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Hata hivyo, uthibitisho huo unahusu kilichomo mfukoni tu. Katika utaratibu wa Ulaya, vipande vya majaribio huhifadhiwa majini, katika joto la nyuzi 20 hivi. Lodwar, joto la mchana hufikia nyuzi 35 na kuzidi, na maji ya kumwagilia ukuta mpya kwa siku saba ni yale yale yanayosubiriwa na watu na mifugo. Zege likikauka mapema, saruji huacha kukomaa. Mchanga wenye matope uliochotwa lagani huidhoofisha zaidi.

Suala hili ni zito hata zaidi Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar. Huko na katika makazi jirani ya Kalobeyei, baadhi ya nyumba zimejengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo.

Viwango vya matofali hayo vipo: Kenya ina KS 1070, na Shirika la Viwango la Afrika (ARSO) lilitoa vyake 1996. Lakini tofali linalotengenezwa uwanjani halina mfuko wala alama, na udongo wa shimo moja si sawa na wa shimo jingine.

Ndiyo maana ukaguzi hauna budi kufanyika papo hapo, kwa kuvunja matofali machache ya kila fungu yakiwa yamelowa. Mto Tarach hufurika ghafla Kakuma, na tofali lililopunjwa saruji hulegea maji yanapofika.